Kokoto za Micheweni

Kaije karudi skuli na ramani ya dunia imekatwakatwa
kama chapati iliyogaiwa watoto wengi.
Haya, bibi, ni mabamba, kasema. Yanatembea.
Mie bamba nilijualo ni la bati,
lile linalopiga kelele upepo ukiingia,
basi nikaendelea na nyundo yangu:
karai la nne, na jua halijafika utosini.

Yanakwenda mwendo gani?
Mwendo wa kucha zako, bibi, zinavyoota.
Nikazitazama. Hizi haziioti, mwanangu,
jiwe huzila kabla hazijaiona asubuhi.

Kanisomea kwa sauti ya mwalimu wake, Shaame Mbwana,
hata kile kikohozi chake kakitia:
yakigongana, moja huinama chini ya mwenzake,
likayeyuka huko, likarudi juu kwa kutapika moto,
na moto ukipoa juu ya maji watu hukiita kisiwa.
Mkarafuu wenyewe, bibi, asili yake huko,
visiwa vya mbali vilivyozaliwa na ugomvi.

Na sisi? Nani aligongana na nani
hata Pemba ikatoka?

Kafunua ukurasa. Kafunua tena. Kakuna kichwa.
Hapana aliyegongana, bibi.
Ardhi ilivutwa huku na huku kama kanga kuukuu,
ikachanika. Sisi tuliachwa.

Hapo nikaiweka nyundo chini.
Neno hilo silihitaji ramani.

Unguja basi ilipewa moja tu:
maji pima ishirini na kitu, mambo ya juzi,
bahari ilipojivuta zamani chui alivuka kwa miguu.
Ikijivuta tena vile, rejea ipo.
Sisi tatu.
Baina yetu na Tanga pima mia nne na ushei,
kiza ambacho samaki wake hawajapata kuambiwa habari za jua.
Kwa hivyo chui hatuna.
Tuna popo wakubwa, waliokuja kwa mbawa zao
wala hawakumuomba mtu njia.

Mie nilirudi kwa mama na sanduku la chuma
na mimba ya miezi miwili, ya babake huyu.
Hapana mwalimu aliyenichora ubaoni.

Usiku ule wa Agosti sahani zilipogongana kabatini peke yao,
Bi Mwanakhamis alitoka nje na kanga moja, anapiga shahada,
nami nikadhani panya.
Kumbe ni kule chini, bado wanavutana.
Miaka milioni ngapi? Kaije kasema kumi,
kitabu chengine chasema sita.
Mambo ya talaka, kila shahidi na hesabu yake.

Leo, karai la sita, jiwe limefunguka katikati
na ndani mna chaza, mdomo wazi,
kama aliyekatizwa maneno.
Toka hapa hadi pwani ni nusu saa, na kilima.
Nani alimpandisha?
Kaije kajibu bila ya kufungua kitabu:
upande wa pili uliporomoka, bibi. Wetu uliinuka.

Nikanyamaza kidogo.
Vumbi la chokaa limenikaa kwenye kope,
huwa linatoa machozi hivi hivi.

Mbarouk kaja na gari ya ng'ombe, ataka karai saba,
msingi wa nyumba ya mwanawe aoaye Ijumaa.
Kahesabu. Kasema la saba halikujaa.
Nikamwambia hesabu tena.

Chaza nimemfunga pindoni mwa kanga.
Kaije anataka kumpeleka skuli akamwonyeshe Shaame Mbwana.
Atakwenda, nimesema, lakini kesho kutwa.
Mwache kwanza alale nyumbani kwetu.