Kifuniko cha Dramu Hamsini

Duka langu lina upana wa milango miwili,
limejibanza chini ya ngazi, sokoni Gyumri,
na theluji huingia pamoja na kila mteja
kama mtoto asiyejua hodi.

Siuzi cha maana.
Nauza vizibo vya sinki, kulabu za kubandika,
soli za sufu za kutia ndani ya kiatu,
kibano cha kufungia mfuko wa sukari,
taa ndogo ya kutafutia tundu la ufunguo.
Mume wangu Gagik, aliye Krasnodar akijenga nyumba za watu,
hunipigia simu na kucheka:
"Nazeli, bado unauza takataka?"
Nauza, namwambia. Na kodi imelipwa.

Huhitaji kunieleza maradhi yako, nayasoma kwenye kaunta.
Anayenunua kijiko kirefu cha kuvalia viatu,
kiuno kimemgomea.
Anayenunua miwani ya tatu mwaka huu
hapotezi miwani, anapoteza kitu kingine,
nami namrudishia chenji polepole, ahesabu mwenyewe.
Mwalimu Shogher alinunua viduara vya sufu
vya kubandika chini ya miguu ya viti:
jirani wa chini amejifungua.
Hawajasalimiana tangu ule ugomvi wa maegesho,
lakini viti vimeanza kunyamaza.

Februari akaja Hamazasp, fundi saa mstaafu,
mikono ndani ya koti kana kwamba ameiiba.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
vyake vyote kumi, siku hizi, havifungui chupa.
Nikampa duara la mpira, jekundu,
jembamba kama jani la kabichi.
"Weka juu ya kifuniko, bana, zungusha."
"Bei?"
"Dramu mia mbili."
"Kwa mpira?"
"Kwa mpira."
Akalipa huku akinung'unika, kama adabu ya soko inavyotaka.

Siku ya tatu akarudi.
Akauweka mpira juu ya kaunta, umeoshwa, umekaushwa.
"Chukua. Siutaki."
"Haufanyi kazi?"
"Unafanya."

Akazitazama kulabu ukutani muda mrefu
kama mtu anayechagua, wala hachagui.
"Ilikuwa jamu ya aprikoti. Ya Arusyak. Chupa ya mwisho.
Miaka miwili naishika kila Jumapili, nakaza mkono,
inakataa, nairudisha kabatini.
Tulikuwa tumezoeana hivyo.
Jana nikaweka huu mpira wako, nikazungusha mara moja tu,
pa!
Nyumba nzima ikanukia Julai."

Sikujua niseme nini. Mimi ni muuza vizibo.
Nikamsogezea mia mbili zake, akazisukuma zikarudi.
Akauliza kama nina kifuniko.
Kile cha zamani kilipinda alipojaribu kukikaza tena,
usiku uleule, haraka haraka,
kama anayefunga dirisha mvua ikiwa imeshaingia.

Ninavyo. Vimo ndooni, nyuma ya mishumaa,
vya kila mdomo.
Akatoa mfukoni uzi aliopimia chupa,
umefungwa fundo, kipimo cha fundi saa,
haukukosea hata kwa unywele.
Vifuniko vyangu ndivyo vilivyokosea, kumi na vinne.
Cha kumi na tano kikakaa.

"Dramu hamsini."
"Kwa kifuniko?"
"Kwa kifuniko."

Alipofika mlangoni nikamwita: uliionja?
Kijiko kimoja, akasema. Akasema ina sukari mno,
siku zote ilikuwa na sukari mno,
miaka arobaini na mmoja alimwambia.
Akatoka. Theluji ikaingia.

Ule mpira mwekundu sijautundika tena.
Umo kwenye droo, pamoja na chenji.
Gagik atapiga simu, ataniuliza nimeuza nini wiki hii,
nami nitamwambia: kifuniko.
Acha acheke.