Uzi Juu ya Tufe

Kamati ya mazishi ilinituma mimi,
kwa kuwa nafundisha jiografia kidato cha pili, Kiwira:
"Mwalimu, tupigie hesabu. Gwakisa yuko mbali kiasi gani?"

Nikalitoa tufe la shule kabatini,
lina ufa unaopita katikati ya Kongo.
Nikachomoa uzi kwenye pindo la kanga ya mama,
ncha moja Songwe, ncha nyingine Montreal.
Uzi ukapita Sahara bila kiu,
ukavuka Atlantiki bila kulowa.

Kilometa elfu kumi na mbili, nikawaambia.
Kwa mwendo wa ndege, saa kumi na tatu na ushei.

"Basi keshokutwa tunazika," akasema Mwakyambiki, mweka hazina.
Daftari lake lilishapiga hesabu zake:
mochwari kwa usiku, mchele kwa kilo,
turubai la kukodi kwa siku.

Ila uzi haupangi foleni.
Uzi haulali Addis kwenye kiti cha chuma
koti likiwa mto.
Hauulizwi dirishani, "Unakwenda kufanya nini?"
ukajibu, kwa lugha ya watu, "Kumzika baba."

Tiketi ilisema saa thelathini na nne.
Mama aliitazama, akanirudishia.
Saa kumi na tisa ndiyo saa gani hiyo?
Yeye akapima kwa chungu.
Makande huiva kwa saa nne;
"Vyungu vinane na nusu," akasema,
akasogeza kuni.

Chungu cha saba, Gwakisa alikuwa Dar.
Chungu cha nane, alikuwa juu yetu.
Juu yetu kabisa: mimi na dereva wa Noah
tulisimama pale Songwe, shingo nyuma,
tukaisikia ndege ndani ya ukungu
kama mtu anayepapasa kitasa gizani.
Ikazunguka.
Ikazunguka tena.
Kati yangu na ndugu yangu
labda mita mia tano, za kwenda juu.
Halafu mngurumo ukageukia mashariki, ukaisha.

Namba hiyo haimo kwenye tufe.

Niliporudi na kiti kitupu, Mwakyambiki
alilifungua daftari, akalamba kidole,
akaandika siku moja zaidi,
na kwenye safu ya michango, mbele ya siku hiyo,
jina lake mwenyewe.

Alikuja na basi la Kyela, la usiku.
Alfajiri alishuka na begi la mgongoni,
viatu vya theluji kwenye tope letu la Februari.
Saa yake hakuwa ameigeuza:
mkononi mwake bado ilikuwa jana.

Mama alimshika mkono huohuo.
Hakuuliza habari za njia.
"Makande yapo jikoni," akasema.
"Chungu cha kumi na nne. Kula kwanza,
jembe lako liko mlangoni."