Ugonjwa Wenye Saa

Saa tisa usiku, Amani, viwandani.
Masika. Hata chumvi mkebeni inatoka jasho.
Mize ananiletea chupa changa, haijapulizwa bado,
anaiinua kwenye taa: ina ukungu
kama jicho la samaki wa jana.

"Ussi, mashine yako tena."
Ikiharibika ni yangu. Ikipona ni ya kampuni.

Nasoma kioo. Umande: kumi, juu ya sifuri.
Tunataka arubaini, chini yake.
Na hapa kila mtu ana fatwa yake.
Zamu ya mchana walisema chujio. Nimelitoa,
nimelipuliza, vumbi limenijaa nyusi,
umande haukutikisika.
Bosi kasema kokoto za kukaushia zimezeeka, zinunuliwe mpya,
halafu akauliza bei,
halafu akanyamaza.
Mpira wa kurudishia hewa nimeupapasa inchi kwa inchi
kama mtu atafutaye homa kwa mtoto.
Hauna tundu.

Basi nimekaa juu ya ndoo, nimefungua daftari.
Saa nane mchana mpaka magharibi, chupa safi.
Magharibi mpaka saa nne, mbovu.
Saa nne mpaka saa nane, safi.
Kisha hii ya Mize.

Ala! Ugonjwa wenye saa.

Minara ni miwili, pacha: mmoja unanyonya unyevu,
mwenziwe uko motoni, unautapika uliokwisha kuunyonya.
Kama zile punje za mchele
mama alizokuwa akitia kwenye chumvi, kule Wete:
zikishiba maji hazina kazi
mpaka zirudi kikaangoni.

Nageuza vali kwa mkono. Nangoja nusu saa, nahesabu matone ya bati.
Naweka kiganja kwenye mnara wa kushoto,
tayari kukirudisha upesi.
Hakuna haja. Baridi, kama mtungi.
Huyu pacha hajaota moto tangu lini?

Nakata umeme. Nafungua kisanduku cha hita.
Waya umeungua, shaba imekuwa nyeusi,
na juu yake utepe, mizunguko mitatu,
ncha imekunjwa kwa ndani
hivyo nikunjavyo mimi.

Ramadhani. Dakika kumi kabla ya adhana.
Nilisema, hii ya leo tu.

Mize ameinama na tochi. "Fundi gani huyu wa ovyo?"

Namenya waya mpya.
"Mulika hapa," nasema. "Chini kidogo."