Bitana

Zilibaki siku tano nitoke arobaini.
Nakunja nepi za Nasra uani, Barabara ya Kumi na Mbili,
kitu kikanikanyaga kifuani kwa kisigino.
Mama mkwe akasema gesi,
akachemsha tangawizi.
Jasho la baridi; mkono wa kushoto ukawa wa mtu mwingine.

Bombo, kitanda cha dirishani.
Presha? Sina. Sukari? Sina.
Umri? Thelathini na sita.
Kijana wa zamu akaitazama karatasi ya mistari,
akanitazama mimi, akairudia karatasi
kama mteja asiyeamini kipimo cha kiuno chake.

Dar es Salaam wakapitisha waya kwenye kiwiko cha kiganja, wakapiga picha.
Daktari Semhando akaniuliza kazi.
Fundi cherehani.
“Basi utanielewa kuliko wanafunzi wangu.
Mshipa unaolisha moyo ni koti, ndani una bitana.
Yako imeachana na kitambaa,
damu imeingia katikati, imetuna, imebana njia.
Si mafuta haya.”

Nani kaifumua?
Akahesabu kwa vidole, hakufika cha mwisho:
homoni za mimba na uzazi,
uzi uliozaliwa mwembamba,
kubeba kizito, kulia kupita kiasi.
Nikakumbuka simu ya Korogwe, msiba wa kaka,
siku tatu nimelia kanga mdomoni
wageni wasisikie.
Huenda, akasema. Huenda sivyo. Hatujui yote.
Nilimpenda kwa hilo.

Basi shoneni, nikasema.
Akatikisa kichwa.
Bitana kama hii ukiichokoa, mpasuko hukimbia hadi pindoni.
Damu bado inapita, kwa tabu, lakini inapita.
Tunaiacha. Wengi hujishikiza wenyewe,
majuma, miezi.
Aspirini. Kidonge cha kutuliza mapigo.
Usibebe ndoo. Usibebe mimba kabla hatujaongea.
Na maumivu yakirudi, usichemshe kitu. Njoo.

Mimi,
niliyewahi kufumua gauni la harusi saa sita usiku
kwa mshono mmoja uliopinda,
nimelala Ngamiani mikono mitupu,
cherehani limefunikwa shuka.
Wifi ananipakatisha Nasra. Ananyonya kwa nguvu,
hajui kuna kilichofumuka.

Jana mwenye koti la kijivu kapita kuulizia.
Bitana bado, nikamwambia.
Nani anaishona?
Nikacheka, kidogo,
kwa tahadhari.