Mhanga wa Shaba

Septemba, na vumbi jekundu la Lubumbashi
limetua hadi kwenye kope za mhanga.
Wamemweka kati ya mishubiri na minyaa,
mimea isiyomdai mtu ndoo ya maji.

Mama Kapya huja na kitambaa asubuhi,
humfuta masikio, la kushoto zaidi.
Mlinzi alimuuliza mara moja tu.

Fundi alimsubu akiwa kazini:
pua imezama, kucha zimezama,
masikio yamebaki nje
yakisikiliza udongo.

Chola naye aliingia hivyo, kichwa kwanza,
Jumanne, na tochi ya kuazima.

Neno ni lilelile:
mnyama huyu,
na mtu aliyetolewa.

“Shaba hii,” anasema, “labda aliigusa.”

Kisha anakung’uta kitambaa
mbali na mishubiri, isije ikachafuka.