Mpini wa Ufagio

Lifti ya jengo letu hapa Gldani hula sarafu.
Bila tetri kumi haikupeleki popote,
na hata ukiilisha, siku nyingine hushiba katikati ya njia
ikalala.

Alhamisi ile ililala kati ya ghorofa ya saba na ya nane.
Ndani tulikuwa wawili:
mimi na mfuko wangu wa komamanga,
yeye na koti linalonuka gundi ya viatu.
Taa ikapepesa, ikazimika.
Nikasema moyoni, haya Tsiala,
umekwepa barafu, umekwepa ngazi,
hili hukulikwepa.

Mimi si mtu wa maneno na wageni.
Miaka thelathini na moja nilikaa mbele ya ubao wa simu,
vidole vikichomeka nyaya:
Kutaisi, ongea. Batumi, subiri.
Mama aliyelia, mwana aliyedanganya,
wote nimewakutanisha kisha nikajitoa
kama uzi unavyokatwa kwa meno.
Sikupata kumjua hata mmoja.

"Unakwenda ya ngapi?" akauliza gizani.
"Ya kumi."
"Mimi ya kumi na moja."

Nikahesabu vyumba. Nikahesabu tena.
Ni yeye!
Yule wa kiti.

Miaka sita, kila saa tisa ya usiku,
kiti kinaburuzwa juu ya dari yangu, krrrr,
toka ukutani hadi dirishani,
na usingizi wangu unaburuzwa nacho.
Miaka sita nasimama juu ya kitanda, na magoti haya,
nagonga dari kwa mpini wa ufagio, mara tatu,
kila pigo na laana yake.
Dari imetoboka kama uso wa aliyepona ndui.

Nilikwisha kuivuta pumzi, nimeipakia maneno yote,
ndipo aliposema, polepole:
"Ya kumi? Basi ni wewe unayenigongea."

Nyamaza, nikajiambia. Mwache ajikaange.

"Tangu Nargiza anitoke silali.
Nasogea dirishani natazama taa za reli.
Usiku wa kwanza niliposikia ngo, ngo, ngo chini ya miguu
nikasema, kumbe kuna mtu.
Kumbe kuna mtu aliye macho, na ana adabu ya kubisha hodi.
Kiti chenyewe chepesi, ningeweza kukinyanyua.
Nakiburuza makusudi.
Ili unijibu."

Laana elfu sita na ushei,
nami sina pa kuzitua
ndani ya sanduku la chuma lisilo na dirisha.
Nikapapasa mfukoni. Nikampa komamanga.
Tulisikia punje zikipasuka, yeye na mimi,
hatukuonana.

Na bado nikamwambia. Sijui kwa nini, labda giza.
"Ulikuwa ufagio, Bwana. Nilikuwa nakutukana."
"Aa," akasema.
Basi. Aa.

Fundi alitushusha kwa kuzungusha gurudumu la mkono,
akizitukana serikali mbili, ya zamani na ya sasa.
Tukatoka kwa kutambaa.
Gizani alikuwa sauti, na sauti nazimudu;
kwenye mwanga alikuwa mzee mfupi, Shalva jina lake,
soksi moja kahawia, moja ya kijani,
midomo myekundu kwa komamanga.
Hatukuagana vizuri.

Usiku ule saa tisa iligonga
na juu kukawa kimya.
Saa tisa na robo, kimya.
Ndicho nilichokitaka miaka sita, nikalala ndani yake
kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha duka.

Saa kumi kasoro nikapanda juu ya godoro.
Ngo. Ngo. Ngo.
Nikasubiri, mkono juu,
kama siku zile, waya umeshachomekwa
na hujui kama upande wa pili kuna mtu.

Krr.
Mguu mmoja tu wa kiti.
Kidogo sana, kwa adabu.