Ng'ambo ya Karanga

Nilichora herufi V ubaoni,
nikawaambia Kidato cha Pili: hili ndilo bonde la juu.
Mto ukiwa kijana hauna muda wa kujitanua,
unachimba chini tu, kama mtu aliyedondosha shilingi.
Wakaandika. Chaki ikanivunjikia
ukingo wa kulia, pale hasa
alipoolewa shangazi Ndekusara.

Toka kwetu ungeweza kuhesabu kuku wake.
Ukipiga chafya uani, anakuombea afya.
Lakini kumpelekea kibuyu cha mbege
ilikuwa safari: ushuke kwa makalio penye utelezi,
ushike masale, ushike mizizi, ushike jina la Mungu,
uvuke juu ya gogo lililoota kuvu,
halafu upande, goti likigonga kidevu.
Ukifika, mbege imechachuka, na wewe pia.

Jicho lilifika papo hapo. Mguu, saa nzima.

Kila asubuhi alianika blanketi jekundu,
maana yake: nimeamka.
Baba alilitazama kabla hajautazama mlima.
Kibo ingengoja.

Masika moja kamba ikawa tupu.
Baba akaita. Bonde likamrudishia
jina la dada yake limekatwa kichwa:
kusara,
sara,
ra.
Akateremka bila viatu. Nikabaki
nikiliona shati lake likididimia migombani,
kisha ukungu,
kisha mngurumo tu wa maji
yakisaga mawe kama meno ya mtu aliyelala vibaya.

Nilikuwa na miaka tisa. Sikujua kuomba
ila ile sala ya chakula. Nikaisali.

Kisha nikawaona wawili, wadogo kama punje za ulezi,
wanacheka mpaka wamekaa chini.
Upepo ulikuwa umeling'oa usiku,
nalo likashuka na mto,
likapita mfongo wa kina Lyatuu, likapita Moshi mjini,
likaenda huko kwenye miwa, mto unakozeeka
na kutembea mikono nyuma,
mabonde ni sinia,
na mtu akimkumbuka dada yake
anachukua baiskeli.

"Mwalimu," Haikaeli, dawati la nyuma,
"huo upana wa juu unapimwa kwa kipimo gani?"

Nikatazama vidole vyangu, vyeupe.
Andika mita, nikamwambia.
Mtihani wa taifa
haulijui blanketi.